Nilivyopewa Utepe wa Manjano

Gesi ilipogunduliwa baharini mbele ya Palma, mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mocímboa da Praia, na nilikuwa mwalimu mbaya. Si kwa kutojua kazi. Watoto sitini wakisema kwa pamoja, kichwa changu kilifunga kama duka Ijumaa saa ya sala. Niliwaandikia zoezi ubaoni kisha nikabaki nimeelekea ubao, mgongo kwao, mpaka kengele ilie. Kwa hiyo niliposikia kwamba kampani moja ya utafiti inatafuta watu wanaojua Kireno, Kiswahili na Kimwani, lugha ya pwani yetu, ili watafsiri, nilipeleka barua siku ile ile. Nilidhani kutafsiri ni kazi ya maneno. Sikujua kuwa ni kazi ya watu.

Kambi yao ilikuwa nje ya mji wa Palma, ndani ya uzio wa waya mrefu kuliko watu wawili. Vyumba vyetu vilikuwa makontena meupe, kila moja na kitanda, meza na kiyoyozi kilichonguruma bila kupumzika. Tulikaa ndani siku ishirini na nane, tukatoka siku saba, tukarudi. Hukutoka bila gari la kampani, gari halikutoka bila karatasi, na karatasi haikutoka bila shefe, mkuu wa kambi, mwanamume wa kutoka mbali mwenye sauti ya upole. Wiki ya kwanza nilimwuliza kama naweza kutembea kidogo nje ya lango baada ya kazi. Akaniambia kwa upole kwamba haiwezekani. Nikatembea ndani, kando ya waya. Mzunguko mmoja ulikuwa hatua elfu moja mia mbili na kidogo, kutegemea nimevaa viatu gani.

Lazima niseme nilikuwa mtu wa namna gani. Salamu hazikunisumbua kamwe. Sisi watu wa pwani tuna salamu ndefu, za mtu mwenyewe, za watoto, za mgonjwa, za safari, na kila swali lina jibu lililokwisha kupangwa na waliotutangulia. Nilizijua zote kwa mpangilio wake nikiwa mdogo sana, na wazee walinisifu kwa adabu. Taabu ilianza salamu zilipokwisha. Wenzangu waliendelea tu kuzungumza, sijui wakiongozwa na nini, na mimi nikasimama pale nikingoja mtu aniulize swali lenye jibu lake. Harusini nilijificha chumba cha kuwekea vyombo. Mama alinipeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaniandikia kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa, nikanywa siku saba. Sahani niliipenda sana. Mengine yalibaki kama yalivyokuwa.

Nilichojitibia mwenyewe ni kumsoma dada yangu, binti wa mama mdogo, tuliyelelewa naye nyumba moja. Yeye alizungumza na kila mtu. Nilimtazama anavyoinamisha kichwa mtu akimweleza shida yake, anavyosema "masikini" pale panapostahili, anavyomgusa mtu mkono mara moja na kuuacha. Nilipofika umri wa kuolewa nilikuwa nimemkariri. Mbele ya wageni nilimvaa yeye, na wageni wakiondoka nililala mchana kutwa, uso ukutani. Mama aliwaambia watu kwamba nina kichwa kibovu, kinauma.

Mwezi wangu wa tatu kambini, kampani ilileta mkufunzi mwanamke, pamoja na mtihani wake. Mwenyewe alisema si mtihani, kwa kuwa hakuna jibu la kosa. Yalikuwa maswali sabini, kila moja na majibu mawili, uchague moja. Mwishoni ungejulikana wewe ni mtu wa aina gani kati ya aina nne, na kila aina ilikuwa na rangi yake. Manjano ni watu wa watu, wanaochangamsha wenzao. Nyekundu ni watu wa kuongoza. Kijani ni wasuluhishi. Buluu ni watu wa mambo madogo madogo, wasiopenda kelele, wanaotaka kila kitu kikae mahali pake. Kila mtu, alisema, atapangiwa kazi inayolingana na asili yake.

Mimi nilipewa maswali siku moja kabla, niyatie Kiswahili kwa ajili ya madereva na wapishi. Nilikuwa nayo mezani shefe alipopita.

"Natumaini wewe utatoka manjano," akasema. "Kikundi cha kwenda vijijini kinahitaji mtu wa manjano anayejua Kimwani. Watafsiri wa kukaa ofisini hatutawahitaji tena baada ya mwezi huu."

Alisema kama mtu anayekuarifu kwamba kesho kutakuwa na mawingu, akaenda zake. Nilibaki na karatasi. Nilikuwa nimekwisha kujua mimi ni rangi gani. Yule mkufunzi alipokuwa akieleza buluu, nilihisi kama mtu amefungua mlango wa chumba changu bila kubisha.

Kesho yake tuliketi sote ukumbi wa chakula. Swali la tatu liliuliza: ukiwa kwenye sherehe, unazungumza na watu wengi hata usiowajua, au na wachache unaowajua? Dereva mmoja, mtu mzima wa Palma, akainua mkono.

"Samahani, mwalimu. Sherehe ya nani? Kama ni harusi ya mwanangu, nitazungumza na kila aliyekuja, hata aliyefuata pilau tu. Kama ni ya jirani, nakula naondoka."

Watu wakacheka. Nikamtafsiria mkufunzi. Akatabasamu, akasema ajibu kwa jumla tu. Hapo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, kwa Kireno:

"Jumla ya sherehe ngapi?"

Watu wakacheka zaidi, wakidhani anatania. Niligeuka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtumishi wa serikali kutoka mkoa wa Zambézia, aliyepelekwa wilayani kwetu idara ya ardhi na sasa ameazimwa na kampani achore ramani. Miwani yake ilifungwa kwa uzi, na alijifunika kitambaa cha kapulana mabegani kwa ajili ya baridi ya kiyoyozi. Hakuwa akitania. Alishika kalamu, akingoja aambiwe ni sherehe ngapi, ili ajibu sawasawa. Mimi niliijua hali ile kwa ndani. Jana yake nilikuwa nimeandika swali lile lile pembeni ya karatasi, kisha nikalifuta.

Nikageuka mbele, nikajibu maswali sabini kama dada yangu. Haikuwa kazi ngumu. Swali moja liliuliza: baada ya kukaa na watu wengi, unajisikia una nguvu au umechoka? Nikamwona dada yangu akirudi harusini, viatu mkononi, bado anaimba. Nikaweka alama kwenye nguvu.

Majibu yalibandikwa ukutani, na kila mtu akapewa utepe wa rangi yake wa kuvaa shingoni pamoja na kitambulisho. Wangu ulikuwa manjano. Mkufunzi alinikumbatia akasema aliliona tangu siku ya kwanza. Nilihesabu mpaka nne nikamwachia.

Mwanamke wa ramani alitoka buluu. Akahamishiwa kontena la mwisho kabisa, karibu na uzio wa nyuma, achore mashamba, visima, minazi na makaburi ya vijiji ambavyo kampani ilitaka vihame kupisha mitambo ya gesi.

Baada ya wiki mbili nilitumwa kwake, nimsaidie majina ya mahali. Nilibisha, nikaingia.

"Ndiye wewe mwenye majina?" akauliza, macho kwenye ramani.

"Ndiye mimi, dada."

"Mimi si dada yako. Mama yangu alizaa wawili, na mwingine yuko Quelimane."

"Ni heshima tu."

Akafikiri. "Sawa. Lakini mimi nitakuwa nikisahau kukuita hivyo. Tena, ukija hapa usiniulize habari za asubuhi. Sijui kuzijibu. Ukiwa na neno, sema. Ukiwa huna, kaa."

Nilikaa. Katika maisha yangu hakuna mtu mzima aliyewahi kunipa ruhusa ile. Tulikaa karibu saa nzima, yeye akichora, mimi nikitazama mkono wake, na nilipotoka nilikuta sijachoka.

Tangu hapo nilikwenda kila mchana baada ya chakula. Ramani za kampani zilikuwa na namba tu: kisima kumi na moja, kaburi arobaini. Yeye hakuridhika na namba. Alitaka kila kitu kiandikwe kinavyoitwa na wenyewe. Nikamletea majina kutoka vijijini: Kisima cha Bibi Harusi, Kwa Mjane, Mwamba wa Pweza, Pasipovukwa. Aliyaandika kwa herufi ndogo zilizosimama wima, kisha akaniuliza kwa nini Pasipovukwa, nami nikamweleza, naye akaniuliza tena jambo nililomweleza, lakini kwa undani zaidi, na hakuna aliyeona haya. Alikula wali mkavu na yai la kuchemsha kila siku. Mimi niliacha kula mchuzi wa kambi, ambao ulikuwa na utelezi, nikaomba na mimi yai.

Siku moja akanieleza, bila kuinua macho, jambo la mtoto wa dada yake. Mtoto alichelewa kusema, wakampeleka kwa daktari mjini. Daktari alimwuliza mama maswali mengi kuhusu mtoto, na yeye, mama mdogo wa mtoto, alikaa pembeni. Kila swali lilipoulizwa alijikuta anataka kunyanyua mkono. Mwishoni daktari akamgeukia yeye.

"Akasema hali hiyo inaitwa autismo," akaniambia. "Akasema mtoto anayo, na kwamba mimi pia naweza kuwa nayo, ila nimekua nikijifunza kuficha. Nikamwambia sijaficha kitu. Akacheka. Halafu akasema, samahani, kweli hujaficha."

"Ulijisikiaje?"

"Kama siku nilipopewa huu." Akashika utepe wake wa buluu. "Kwa mara ya pili nimeambiwa kweli juu yangu. Maisha yangu yote watu wananiambia nibadilike. Sasa nimeandikwa ukutani kwamba niko hivi, na watu wamepita wakasoma, wakaenda kula."

Ndipo aliposema lile neno ambalo baadaye nililibeba kila siku nikipita langoni.

"Nimemwandikia dada yangu kukuhusu wewe. Nilifikiri watu wa manjano hawawezi kunipenda. Shuleni hawakunipenda, kazini hawakunipenda. Wewe ni manjano na unakuja kukaa kimya humu. Nimemwambia dada yangu asikate tamaa juu ya mtoto. Nimemwambia inawezekana."

Ningalisema pale pale. Nilifungua mdomo. Lakini nilimwona alivyoketi, ametulia kama mtu aliyekwisha kuhesabu na hesabu ikakubali, nikaufunga. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake nikasema kesho.

Wakati huo, kazi yangu ya manjano ilikuwa ikinila. Tulikwenda vijijini mara nne kwa wiki, mimi na maofisa wawili na kipaza sauti. Nilisimama mbele ya watu ambao walikuwa na mihogo yao, minazi ya babu zao, mahali pa kuanika dagaa, nikawaambia kwa sauti ya dada yangu mambo ya kuhama ambayo maofisa walisema kwa Kireno. Nikainamisha kichwa. Nikasema "masikini" pale panapostahili. Watu walinipenda, na kule kunipenda kulinitisha, kwa sababu waliniamini mimi na si karatasi. Tukirudi kambini nilijilaza sakafuni, kitambaa chenye maji machoni, mpaka giza liingie. Nilitaka kuacha kazi, lakini mshahara wangu ulikuwa ukilisha nyumba ya mama. Nilitaka kusema ukweli, lakini ukweli ungenitoa kazini, na kwa rafiki yangu pia. Kila mlango niliokwenda nilikuta nimeufunga mwenyewe.

Ilitokea katika kijiji kimoja cha uvuvi, kwenye mkutano wa watu wengi. Rafiki yangu alikuwa amekuja siku hiyo kupima makaburi. Jua lilikuwa kali, kipaza sauti kikawa kinapiga mluzi, watu wa nyuma wakipiga kelele kwamba hawasikii. Bibi mmoja akasimama mbele yangu kabisa, akanishika mkono na hakuuachia.

"Mjukuu wangu," akasema, "mimi nina watoto watatu wamelala pale nyuma ya msikiti. Niambie wewe, usimwulize huyo. Nikienda huko mnakotupeleka, nao watakwenda?"

Nilimtazama. Niliitafuta sauti ya dada yangu, haikuja. Kireno hakikuja, Kiswahili hakikuja, Kimwani, lugha niliyonyonya, haikuja. Kipaza sauti kikapiga mluzi tena. Nikauchomoa mkono wangu, nikaziba masikio, nikaondoka mbele za watu wote, nikaingia shamba la mihogo nyuma ya nyumba, nikaketi chini kati ya matuta nikiwa najitikisa mbele na nyuma, jambo ambalo sikuwa nimelifanya mbele ya mtu tangu nikiwa mtoto.

Alikuja yeye. Nilijua kwa viatu vyake. Hakunigusa na hakuuliza kuna nini. Aliketi upande wa pili wa tuta, na baada ya kitambo akaanza kutaja majina ya pwani, kutoka kaskazini kwenda kusini, polepole, yote niliyompa, kila moja mahali pake. Alipofika katikati nilianza kuyataja pamoja naye. Nilipoweza kupumua vizuri, akanyamaza.

"Wewe si manjano," akasema.

"Si manjano."

"Mkufunzi alikosea?"

"Hakukosea. Nilidanganya. Nilijibu kama dada yangu."

Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimejitengenezea picha hiyo kichwani mara nyingi: kwamba siku akijua, atasema, basi tuko wawili. Alikaa akitazama majani ya mihogo, na uso wake haukubadilika, lakini mikono yake ilianza kukunja na kukunjua pindo la kapulana.

"Nilimwandikia dada yangu," akasema. "Nilimwambia inawezekana."

"Samahani."

"Sasa ni uongo. Mimi nimemwandikia uongo." Akasimama, akajipangusa udongo. "Umeniingiza kwenye uongo wako bila kuniuliza."

Akaenda kwenye makaburi yake, akaendelea kupima. Kwenye gari la kurudi alikaa mbele, na dereva yule mtu mzima, aliyezoea kutuona pamoja, alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi kwenye kioo.

Kwa siku kumi na sita hakunifungulia. Nilibisha kila mchana baada ya chakula, nikasikia kiti chake, na mlango haukufunguka. Kambi ile, ambayo siku zote ilikuwa ndogo, ikawa ndogo zaidi. Nilizunguka uzio mpaka walinzi wakaanza kuniuliza kama ninaumwa. Shefe aliniita pia, akataka kujua nini kilitokea kijijini. Nikamweleza kila kitu: maswali sabini, dada yangu, kila kitu. Alinisikiliza kwa upole wake. Akasema itabidi mtihani urudiwe, mkufunzi akirudi, na kwa sasa nisiende vijijini.

"Na yule bibi?" nikauliza. "Hakujibiwa."

"Litashughulikiwa," akasema. Mpaka leo sijui kama lilishughulikiwa.

Siku ya kumi na saba, nilipobisha, karatasi ilitokea chini ya mlango. Ilikuwa ya miraba, ya kuchorea ramani. Alikuwa ameandika maswali saba, kila moja na nafasi ya jibu. Niliketi kwenye ngazi ya kontena juani, nikajibu kwa kalamu.

La kwanza: je, ulikuwa ukija kwa kunihurumia? Nikaandika: hapana. La pili: je, mimi nilijua kitu kuhusu wewe ambacho ni cha kweli? Nikaandika: yai, majina, kutotaka kelele, na kwamba napenda kukaa hapa. La tatu: nilipomwaga chai juu ya wilaya nzima ya Palma ukacheka, ulicheka wewe au dada yako? Nikaandika: mimi. Yaliyofuata yalikuwa ya namna hiyo, na moja lilikuwa gumu sana hata silirudii hapa. La saba lilisema: je, tulichaguana, au tulikaa pamoja kwa kuwa hatuna wengine?

Nilikaa nalo mpaka kivuli cha kontena kikanifikia. Kisha nikaandika: sijui. Nikasukuma karatasi ndani.

Alifungua mlango. "Hilo la saba," akasema, "hata mimi sijui. Ungeandika tulichaguana, nisingefungua." Akasogea nipite. "Bado nina hasira. Lakini kaa."

Tulikuwa na wiki tano baada ya hapo. Sikujua kuwa ni tano. Kwa mara ya kwanza nilikaa kwenye chumba kimoja na mtu nikitikisa mguu jinsi ninavyotaka, na mtu huyo aliendelea na kazi yake. Nilimwambia mambo ya kombe na ya harusi. Aliniambia kwamba amemwandikia dada yake barua ya pili, kurekebisha ile ya kwanza. Nilimwuliza ameandika nini.

"Kwamba rafiki yangu si manjano, na kwamba mtoto atafute wa namna yake. Dada yangu amejibu kwamba hilo ndilo alilokuwa akitaka siku zote, na kwamba barua ya kwanza ilimhuzunisha." Akavua miwani akaifuta. "Sikumwelewa. Nitamwuliza nikimwona."

Mkufunzi aliporudi, nilifanya mtihani mimi peke yangu, mezani kwake, na nilijibu kama mimi. Nilitoka buluu, tena sana. Hakunikumbatia. Akauchukua utepe wa manjano, akanipa mwingine, akasema kwa huzuni ya kweli kwamba ananipa pole, nilikuwa mzuri sana kwa watu. Shefe akanipangia kontena la mwisho, la ramani. Nilikwenda karibu mbio. Nilimkuta rafiki yangu anafunga sanduku. Idara yake ilikuwa imemwita, apelekwe wilaya nyingine, bara, na gari lilikuwa limepangwa kuondoka baada ya chakula. Kampani sasa ilikuwa na mtu wake wa buluu, mimi, haikuhitaji wawili.

Hatukuagana vizuri. Hakujua kuaga, na mimi nilijua kuaga kwa dada yangu tu, ambako nilikuwa nimekukataa. Alinipa orodha ya mahali ambapo pamebaki bila majina, akanionyesha kiti kimoja ambacho mguu wake unalegea, akaingia garini. Gari lilipopita langoni aliangalia mbele.

Nikakaa peke yangu ndani ya chumba nilichokitamani. Kilikuwa kimya. Palikuwa na meza mbili. Wiki ya pili likaja agizo kwamba ramani za mwisho zibaki na namba peke yake. Majina yanaleta mkanganyiko, vijiji vikihama. Kazi ya kuyafuta ikawa yangu. Nilifuta kwa kompyuta, moja baada ya jingine, yale niliyoyaleta mwenyewe kutoka vinywani mwa watu: Kwa Mjane, Mwamba wa Pweza. Siku ya kwanza nilifuta tisa, nikashindwa. Nikamtumia ujumbe kwa simu, nikamwambia ninachofanya. Jibu lake lilikuja kabla sijaiweka simu chini: "Kila unalofuta, niandikie." Basi nikafuta na kuandika, nikafuta na kuandika, siku nne. Hakujibu kwa maneno mengine yoyote ila kila jina nililompelekea alilirudisha lilivyo, kuonyesha kwamba limefika.

Kazi ilipokwisha, na mkataba wangu ukaisha. Nilirudi Mocímboa, nikapokewa tena shuleni. Rafiki yangu nimemwona mara moja tu tangu siku ile. Alipita Mocímboa kikazi, tukakaa uani kwetu kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na mama, aliyekuwa akitupikia mayai, aliniuliza pembeni kama tumegombana, maana hasikii sauti. Tunaandikiana mpaka leo, ingawa vita vilivyozuka baadaye pwani yetu vimetutupa kila mtu mahali pake, na hayo si ya kusimulia hapa.

Mwaka mmoja hivi baada ya kambi, mchana, nikiwa nimelala uso ukutani baada ya shule, mama aliniita. Alikuwa amekaa jamvini na redio yake inayoshika stesheni za Tanzania.

"Njoo usikilize," akasema. "Wanakusema wewe."

Daktari mmoja alikuwa akizungumza. Neno alilolitumia lilikuwa usonji, ile autismo, na mimi sikuwa nimelisikia kwa Kiswahili kabla ya siku ile. Tulisikiliza mpaka kipindi kikaisha na matangazo ya sabuni yakaanza. Mama akapunguza sauti.

"Dawa yake ni nini?"

"Haina dawa, mama. Si ugonjwa wa dawa."

"Basi jina linakusaidia nini?"

Nilikaa naye jamvini, nikatafuta jibu, naye akanisubiri.

"Nikijifungia chumbani," nikasema, "usidhani nimekukasirikia."

Mama akainamia redio, akakizungusha kile kifungo mpaka ikazimika kabisa.

"Nilidhani hivyo," akasema. "Miaka yote hii, mwanangu, nilidhani hivyo."